Stethoskopu Ndani ya Soksi za Baridi

Kemunto,

Nilikuwa nimeapa leo sitaligusa begi lako. Uliniambia mara mbili utajipangia mwenyewe, nami nikasema sawa. Lakini ulipotoka na anti Moraa kwenda kutia gari mafuta ya safari, nikaona soksi zako za baridi zimekaa juu juu, nikafikiri nizisukume chini taulo ipate nafasi. Soksi gani ngumu hivi? Nikaingiza mkono. Nikaitoa ile stethoskopu yangu, ile ya mpira wa zambarau, ambayo imelala kwa kabati la shuka tangu ukiwa mdogo. Na kikaratasi umekifunga na raba: For both of us, Mama. Kwa ajili yetu sisi wawili.

Nikakaa kitandani kwako. Sasa nimehamia meza ya jikoni. Jua bado liko juu, majirani wanachoma nyama pale nje, nguo zako za mwisho zinazunguka kwa mashine kule chini ya jengo, na mimi kila nikiandika mistari mitatu nasimama. Nimefuta jiko ambalo ni safi. Nimefungua friji nikaifunga. Nikiendelea hivi mtarudi kabla sijasema ninachotaka kusema, kwa hivyo nitaandika vile inakuja. Ukikwama kwa neno, lisome kwa sauti. Kiswahili changu unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma.

Mambo ya kula, ya koti, ya kufunga mlango na kupiga simu, sitaandika. Hayo nimekuimbia miaka kumi na minane, na kama hayajaingia, hayataingia kwa barua.

Hili ndilo ninalotaka. Kesho ukiingia kwa lile gari uwe unajua ukweli wa hiyo stethoskopu. Kama unaenda kusomea unasi, yaani uuguzi, ili kunirudishia kitu ambacho nilikosa kwa sababu yako, basi ujue sikukosa kitu kwa sababu yako. Hadithi uliyoisikia maisha yako yote, kwamba Mama aliacha unasi ili akulee, niliitunga mimi. Niliitunga siku moja nikiwa na hofu, na nikakuacha ukue ndani yake.

Nimeiandika na nyumba bado imesimama. Wacha niteremke nikaangalie nguo.

Bado ni mbichi. Nimeongeza dakika.

Ulikuwa na miaka sita tulipofika huku ugenini kutoka Kisii. Mimi nilikuwa na ishirini na nne, na cheti changu cha kidato cha nne kwa bahasha ya plastiki. Leo nimekuangalia ukipanga viatu nikafikiri, huu umri alionao Kemunto ndio niliokuwa nao nilipomzaa. Nani alinipa mimi mtoto? Lakini nilipewa, na nilikushika.

Kazi ya kwanza ilikuwa ile ya Fridley, nyumba ya wazee. Kuogesha, kugeuza, kulisha, kubadilisha shuka mtu akiwa bado amelala juu yake. Ni kazi ya heshima na siionei aibu hata kidogo. Lakini unajua watu wetu. Ukivaa sare ya buluu wewe ni nasi, hata kama unasukuma kitoroli cha chakula. Nilikuwa nikifika kanisani Jumapili mchana na sare yangu, maana nilitoka kazini moja kwa moja, na mama wa kwanza mlangoni ananiita, "Sista, hebu nipime presha."

Mwaka wa pili nikaomba chuo. Barua ikaja. Ilianza na neno la kupongeza, na anti Moraa hakuhitaji kusoma zaidi ya hilo. Nilimwambia angoje nimalize ukurasa. Akaniambia mambo ya kusoma ukurasa ni ya wanafunzi wa chuo, yeye kazi yake ni kutangaza. Kufika jioni Frogtown yote, mtaa wa kanisa letu, ilikuwa inajua.

Na si kwamba Moraa alidanganya. Kwetu, barua ya chuo ikija, imekuja na kozi yake. Huitwi chuoni ufike ndipo uanze kuomba darasa. Mimi mwenyewe niliamini. Jumapili ile pasta aliniita mbele, wakaniwekea mikono, wakina mama wakanifunga leso mabegani na kunipa hiyo stethoskopu. Walikuwa wamechangiana. Mama Furaha, yule mkimbizi wa Kongo aliyekuwa akikaa orofa ya chini yetu, ndiye aliyenivalisha shingoni. Tangu siku hiyo akawa ananiita infirmière, nasi kwa Kifaransa chao, na akiniita hivyo anainua kidevu kama ni yeye aliyenizaa.

Wiki iliyofuata nikaenda kumuona mshauri wa wanafunzi. Alikuwa mama mpole mwenye miwani ya mnyororo. Akachora visanduku viwili kwenye karatasi. Hiki ni chuo, akasema, na wewe uko ndani. Hiki cha pili ni nasingi. Katikati akaandika mambo: anatomia, kemia, saikolojia, mtihani wa kuingilia, halafu maombi, halafu kungoja. Hakukosea chochote. Alinieleza kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Nikamuuliza, kwa hivyo mimi sisomei unasi?

Akasema, "Bado."

Hilo neno lilikuwa zuri, Kemunto. Lilikuwa na mlango ndani yake. Ningelibeba hadi nyumbani nikaliweka mezani, maisha yetu yangekuwa mengine. Kwa basi nilikuwa nikijizoeza vile nitamwambia Moraa. Nikafungua mlango, nikamkuta ameshika simu mbele ya uso wangu, na ndani ya simu nyanya yako huko Kisii anapiga vigelegele mpaka picha inakatika. Nyuma yake kuna majirani. Kuna mtu ameshika kuku. Nyanya yako akasema, "Nasi wangu, umekula?"

Nikasema nimekula, Mama.

Ilianzia hapo, kwa jibu la swali la chakula.

Miaka miwili niliishi hivyo. Darasa la anatomia nililichukua kweli, wewe unakumbuka, maana tulisomea mkono wako. Nilikuandika majina ya mifupa kwa kalamu, vidole mpaka kiwiko, na mwalimu wako akanipigia simu kuuliza kama nyumbani kuna shida. Wewe ulikuwa unayajua kuliko mimi. Ulikuwa unaniamsha mezani: Mama, scaphoid! Kwa hivyo asikuambie mtu kwamba ulinizuia kusoma. Ulikuwa mwalimu wangu bora.

Nilifeli kwa sababu nilikuwa nasoma nikijificha. Dada Nyaboke, yule ambaye ni nasi wa kweli, alikuwa na kundi lake kila Jumamosi la wale wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingilia. Nyumba yake ilikuwa dakika kumi kutoka kwetu. Alikuwa akipika chai ya maziwa na kuwachapa na hesabu za dawa mpaka wanalia. Walipita karibu wote. Mimi ningeendaje? Kanisa zima lilijua nimeshaingia. Siku moja aliniomba nije niwape moyo, nikiwa kama mfano. Nikamwambia niko zamu. Nikakaa kwa gari mbele ya nyumba yake na kitabu changu, nikisikia wakicheka ndani, nisielewe figo inafanyaje kazi.

Hilo ndilo lililonigharimu, kushinda uchovu, kushinda zamu mbili. Kila aliyekuwa na jibu alidhani mimi nimeshapita hapo, na mimi sikuweza kumuuliza.

Nimetoka kuzitoa nguo. Yule mzee wa orofa ya pili alikuwa ameshika kikapu chake ananingoja, ananiambia mashine zimebaki mbili nzima na mimi nazitembelea kama wagonjwa wodini. Nikacheka. Halafu ngazi nzima nikawa nalia, sijui nalilia nini. Sasa nakuja kwa lile gumu, na nimeshafuta jiko mara tatu, hakuna kingine cha kufuta.

Ulikuwa na miaka tisa. Mama Furaha alitoka hospitali na chupa mpya ya dawa ya presha. Akapanda ngazi nayo, pamoja na ile ya zamani, akaziweka hapa, kwa meza hii hii. Kusoma hajui, si Kiingereza si kingine. Akaniuliza, infirmière, miye nafanya namna gani? Chupa mbili, majina mawili tofauti. Zote zimeandikwa kimoja asubuhi.

Kazini kwangu dawa sigusi. Msaidizi haruhusiwi. Hilo nalijua kama jina langu. Kulikuwa na njia rahisi sana: kusema mimi si nasi, ngoja tupigie duka la dawa, namba iko hapa kwa chupa. Dakika tano. Nilifungua mdomo niseme hivyo na nikaona vile amenitazama, kidevu juu. Nikasema, "Kunywa zote mbili."

Ilikuwa dawa moja, Kemunto. Dawa ile ile, kampuni mbili, majina mawili.

Siku ya nne alianguka jikoni kwake. Unakumbuka tulikimbia, ukakaa kwa kile kiti cha hospitali unapaka rangi kitabu chako. Mkalimani wa simu alikuwa hapatikani, wakaniomba mimi nitafsiri. Nasi wa zamu, kijana mwenye tatuu mkononi, akauliza kwa upole nani alimwambia anywe zote. Nikaligeuza swali kwa Kiswahili. Mama Furaha akaniangalia. Halafu akamjibu yule kijana, si mimi. Akasema, "Ni miye mwenyewe nilichanganya. Sijui kusoma."

Na mimi nikatafsiri. Kwa Kiingereza safi. Nilisimama pale na sare yangu nikatafsiri uongo ambao mwanamke mgonjwa alinitungia ili kunificha.

Alipona. Nakuambia haraka usije ukaruka mistari ukitafuta. Alipona, na juzi tu umemuona.

Wiki hiyo niliacha darasa. Ningeweza kusema ukweli hata wakati huo, watu wangenisamehe, watu wetu wana kelele lakini husamehe. Badala yake Moraa aliponiuliza kwa nini, wewe ulikuwa umelala kwa kochi na homa kidogo, nikakuangalia nikasema, "Mtoto hana wa kumwangalia." Ilitoka tu. Ilikuwa karibu sana na mkono. Moraa akanikumbatia. Kufika Jumapili nilikuwa mama aliyejitolea.

Halafu Sikukuu ya Akina Mama ile, ulikuwa na miaka kumi na miwili, pasta akanisimamisha tena pale pale nilipofungwa leso. Akasema huyu alitoa ndoto yake madhabahuni kwa ajili ya mtoto wake. Watu wakapiga makofi. Nikakutafuta kwa macho na nikakuona unapiga makofi na unalia. Usiku ule uliosha vyombo bila kuambiwa, na hujaacha kuviosha mpaka leo. Nilidhani ni tabia nzuri. Nilikuwa najivuna nayo.

Sasa unaelewa mambo ya mwaka jana, ndani ya gari. Uliomba nasingi hapa mjini, hawakukuchukua. Wakina mama wakakuzunguka baada ya ibada, vipi, umeitwa? Nawe ukasimama na sahani yako ya chapati ukawaambia, kwa Kiswahili chako cha kuvunjika, "Bado. Wamenikataa. Nitafanya mtihani tena." Hivyo tu. Ukaendelea kula. Dada Nyaboke akacheka akasema Jumamosi saa tatu, kuja na kalamu na usile kwanza, kuna mandazi.

Na mimi, badala ya kukukumbatia, nikakufokea njia nzima kutoka Frogtown mpaka hapa New Hope. Kwa nini unawaambia watu mambo yetu, kwa nini unajianika. Tulipofika taa nyekundu ukaniuliza kwa sauti ndogo sana kwa nini nimekukasirikia hivyo. Taa ikageuka, nikaendesha. Nimekaa na hilo swali mwaka mzima. Jibu ni kwamba ulisema kwa sekunde mbili, na chapati mdomoni, neno ambalo mimi lilinishinda miaka kumi. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa na wivu.

Na barua yako ilipokuja mwezi wa nne, kutoka huko kaskazini, umenicheka mpaka leo vile nilivyokuuliza. Soma tena. Ni chuo, au ni nasingi yenyewe? "Mom, it's nursing. It says nursing." Nikakunyang'anya simu nikasoma mwenyewe, mstari kwa mstari mpaka chini kabisa penye anwani. Ulidhani ni furaha imenichanganya.

Wiki iliyopita nilimtembelea Mama Furaha kwa binti yake. Alikuwa anapika sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Nilikuwa nimejiandaa, nikamwambia yote: visanduku viwili, chupa mbili, hospitali. Nikaanza kulia juu ya sufuria yake. Hakugeuka hata.

"Usilie mu sombe yangu," akasema, "chumvi nilishatia."

Halafu akasema alijua. Alijuaka tangu siku ile ya chupa. Infirmière gani anafungua mudomo na kuufunga kabla ya kujibu? Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini ulizinywa? Akafikiri, akacheka kidogo, akasema na yeye aliona aibu. Alikuwa ameshawaambia watu wote wa jengo kwamba ana nasi wake juu ya ngazi. Nikamuuliza na hospitali je. Akasema, "Ningesema ni weye, wangekufukuza kazi. Na ule mutoto alikuwa pale na rangi zake."

Nikamwomba msamaha. Akafunika sufuria.

"Miye nilishasamehe zamani," akasema. "Ambia ule mutoto. Yeye ndiye unamudanganya kila siku. Miye ulinidanganya siku moja tu."

Wiki nzima nimekuwa nikizunguka nawe ndani ya nyumba hii nikitafuta nafasi. Nikifungua mdomo unaniuliza kama nimeona chaja. Leo nikaingiza mkono kwa soksi.

Sikupi masomo. Nina moja tu, na nililipata kwa kulala nalo vibaya. Huko uendako utakutana na siku hujui kitu. Watakuwa wamekuvalisha sare, mgonjwa atakutazama na kidevu juu, na jibu litakuwa halipo kichwani. Aibu ya kusema sijui inaisha kabla lifti haijafika chini. Hiyo nyingine, ya kujifanya unajua, mimi ninayo bado. Muulize mtu. Muulize hata yule anayedhani unajua. Yeye hasa.

Na usinisomee unasi mimi. Mimi nina miaka thelathini na sita, nina miguu, nyumba ya Dada Nyaboke bado iko dakika kumi na mandazi bado yanapikwa. Kama nitataka, nitaenda mwenyewe na kalamu yangu. Sikuahidi chochote. Ila usiubebe wangu pamoja na wako, huwezi kumgeuza mgonjwa kitandani ukiwa umebeba watu wawili.

Nasikia mlango wa gari pale nje. Ndiyo, ni sauti ya Moraa, anabishana na mtu kuhusu mahali pa kuegesha.

Nimelifunga begi. Taulo imeingia. Ndani ya soksi, mahali pa stethoskopu, nitaiweka hii barua, maana nimekujua, huko kutakuwa na baridi kabla hujakubali kuvaa soksi, na wakati huo utakuwa umezoea kidogo.

Hapana. Huo ndio ujanja wangu wa zamani, kungoja. Barua naiacha hapa mezani uisome leo, kabla hujalala, na stethoskopu naiweka juu yake. Kile kikaratasi nimekitoa nikakichukua, ni changu sasa, huwezi kukidai.

Ukimaliza kusoma, ivae. Iweke kwa kifua chako mwenyewe kwanza. Kama huo moyo unataka kwenda, chukua stethoskopu uende, ni mpira na chuma tu, ilinunuliwa na wakina mama wazuri ambao hawakujua. Kama ulikuwa unanionea huruma, iache mezani, na asubuhi Moraa atazima gari, tutakunywa chai. Hakuna atakayekuuliza kitu kabla hajapita kwangu. Nitakuwa mlangoni mwa kanisa Jumapili, na nikiulizwa Kemunto ameingia, au hata nikiulizwa kama mimi mwenyewe ni nasi, nitasema bado.

Unapanda ngazi. Unazipanda mbili mbili, kama kawaida.

Mama